Karatasi ya Damu ya Mtoto Mdogo na Maana ya Hesabu Zake

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari ya karatasi ndogo ambayo wazazi wengi hupewa hospitalini, wakaikunja na kuitia mfukoni, wasijue imeandikwa nini. Karatasi hiyo ni majibu ya damu ya mtoto. Ina herufi na hesabu nyingi, na pengine kando ya hesabu moja pametiwa alama kuonyesha kwamba iko chini ya kiasi. Mama akiulizwa nyumbani, hujibu, "Wamesema hana damu ya kutosha." Jirani mmoja husema mtoto anyweshwe dawa ya chuma, wa pili husema ni safura, wa tatu husema ni meno tu, yatapita. Basi nani katika hao asema kweli? Twataka kuonyesha kwamba pengine hakuna hata mmoja ajuaye, maana hesabu ile peke yake haisemi ugonjwa. Yasema tu kwamba pana jambo la kutafutwa.

Kwanza yafaa tujue damu ni kitu gani. Ukiitazama kwa macho ni maji mekundu, lakini ukiitazama kwa hadubini utaona kwamba maji yenyewe yana rangi ya manjano hafifu, na wekundu wote watoka katika chembe ndogo sana zinazoelea ndani yake. Katika ujazo wa milimita moja, yaani tone dogo kama kichwa cha sindano ya kushonea, mna chembe nyekundu zipatazo milioni 4 au zaidi. Ndani ya kila chembe mna kitu kiitwacho hemoglobini, nacho kimeundwa kwa chuma. Kazi yake ni kuchukua hewa safi mapafuni na kuipeleka kila mahali mwilini: katika ubongo, katika moyo, katika misuli. Chembe moja huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na uboho ulio ndani ya mifupa huunda nyingine badala yake. Kazi hiyo haikomi usiku wala mchana.

Basi damu hupungua kwa njia tatu tu, nazo twaomba mzikumbuke, maana mazungumzo yetu yote yategemea hizo. Ya kwanza, uboho haupati vitu vya kuundia chembe, kama vile chuma. Ya pili, chembe zaundwa lakini zavunjwa upesi kabla ya siku zake, kama zinavyovunjwa na malaria. Ya tatu, damu yatoka mwilini, kwa jeraha au kwa minyoo inayoinyonya matumboni. Na mara nyingi mtoto mmoja hupatwa na mbili au zote tatu kwa pamoja.

Sasa na tuitazame karatasi yenyewe. Mathalani tuseme mtoto ni wa miezi 18, akaaye karibu na Tanga, na karatasi yake imeandikwa hivi: Hb 9.2, MCV 62, RDW 18, chembe nyeupe 9.8, na nyingi katika hizo ni zile ziitwazo limfosaiti. Chembe sahani 480.

Herufi Hb ni hemoglobini, nayo ndiyo hesabu ya kutazamwa kwanza. Hiyo 9.2 maana yake ni gramu 9.2 katika damu ya desilita moja, yaani sehemu ya kumi ya lita. Hospitali nyingine huandika 92, kwa kuwa wamehesabu kwa lita nzima. Ni kiasi kile kile, basi asistuke mtu. Je, ni kidogo? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, limesema kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 huhesabiwa kuwa amepungukiwa damu akiwa chini ya gramu 10.5, na mtoto wa miaka 2 hadi kutimia miaka 5 akiwa chini ya gramu 11. Zamani kiasi cha gramu 11 kilitumika kwa wote hao, na karatasi nyingine zingali zikifuata hesabu ile ya zamani. Kwa hiyo mtoto wa mwaka mmoja mwenye gramu 10.7 aweza kutiwa alama ya upungufu katika hospitali moja, na katika nyingine asitiwe. Lakini mtoto wetu wa mfano, mwenye 9.2, amepungukiwa kwa hesabu zote mbili. Upungufu wake ni wa wastani. Ungekuwa chini ya gramu 7, tungesema ni mkubwa na wa hatari.

Tena kuna jambo la nchi za juu. Mahali palipo juu sana hewa ni nyepesi, nao mwili huunda hemoglobini zaidi ili kuitafuta. Kwa hiyo mtoto wa Nairobi au wa Mbeya hupimwa kwa kiasi kilichopandishwa gramu moja hivi kuliko mtoto wa Mombasa au Tanga. Hesabu ambayo pwani yatosha, mlimani yaweza kuwa upungufu.

Herufi MCV ni ukubwa wa chembe moja moja. Kwa mtoto wa umri huu, chini ya 70 ni chembe ndogo kuliko kawaida, na 62 ni ndogo sana. RDW yaonyesha kama chembe zalingana au zahitilafiana kwa ukubwa. Hiyo 18 yaonyesha kwamba nyingine ni kubwa na nyingine ndogo. Mambo haya mawili yakiwa pamoja, daktari hufikiri kwanza upungufu wa chuma. Ni kama mwokaji ambaye unga wampungukia siku kwa siku: mikate ya jana ilikuwa ya kiasi chake, ya leo ni midogo, na ya kesho itakuwa midogo zaidi, hata mtu akiitazama yote mezani huona haifanani.

Kuhusu chembe nyeupe, wazazi wengi huogopa bure. Katika damu ya mtu mzima limfosaiti ni chache kuliko chembe nyeupe za namna nyingine, lakini katika damu ya mtoto mdogo mara nyingi ndizo zilizo nyingi, na hiyo ndiyo kawaida yake. Ikiwa karatasi imepigwa chapa kwa viwango vya watu wazima, alama za hatari zaweza kutokea hapo bila hatari yoyote. Hali kadhalika chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuzuia damu isitoke penye jeraha: huongezeka kidogo mtoto akipungukiwa na chuma, au akiwa ametoka katika homa. Basi ulizeni daima: "Je, viwango hivi ni vya mtoto wa umri wa mtoto wangu?"

Jambo lingine la kuuliza ni jinsi damu ilivyotolewa. Damu ya kidoleni ikikamuliwa kwa nguvu huchanganyika na maji ya mwilini, na kipimo huonyesha upungufu kuliko ulivyo. Tena mtoto aliyeugua homa juma lililopita aweza kuwa na hemoglobini iliyoshuka kwa muda tu. Ndiyo sababu daktari mwangalifu aweza kusema kipimo kirudiwe, naye akisema hivyo si kwamba hajui kazi yake.

Sasa twauliza: kwa nini watoto wa umri huu hasa ndio wanaopungukiwa na chuma? Mtoto huzaliwa na akiba aliyopewa na mama yake tumboni, na akiba hiyo humtosha kwa kadiri ya miezi 6. Aliyezaliwa kabla ya wakati, au mdogo sana, akiba yake huisha mapema zaidi. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto huwa mara tatu ya ule aliozaliwa nao, na damu yake hapana budi iongezeke pia. Maziwa ya mama ni bora kupita chakula chochote, na chuma iliyomo huingia mwilini vizuri. Lakini ni kidogo, na baada ya miezi 6 haitoshi peke yake. Maziwa ya ng'ombe pia yana chuma kidogo, nayo huishibisha tumbo hata mtoto akakataa chakula kingine. Kisha uji mtupu wa mahindi, na kikombe cha chai ambacho bibi humpa mjukuu kwa mapenzi! Chai huizuia chuma ya chakula isiingie mwilini. Mtoto aliyelelewa hivyo aweza kunenepa, mashavu yakajaa, na damu yake ikawa nyepesi. Msidanganywe na unene.

Wala si jambo dogo. Chuma haitumiki katika damu tu. Hutumika pia katika ubongo unaokua. Mtoto aliyekaa muda mrefu bila chuma ya kutosha katika miaka 2 ya kwanza aweza kuchelewa katika kujifunza, na pengine hasara hiyo haiondoki yote hata damu ikirudi. Naye hatasema kwamba ni mgonjwa. Atakaa tu, atachoka upesi, atakataa chakula, pengine atakula udongo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, watoto wawili hivi katika kila watano walio chini ya miaka 5 ulimwenguni wamepungukiwa damu. Kwa wingi huo watu wamezoea, hata wakadhani mtoto mnyonge ndiyo tabia yake.

Pengine msomaji atasema, "Ikiwa ni hivyo, tununue dawa ya chuma tuwape watoto wote, mambo yaishe." Wenye elimu nao walifikiri hivyo zamani. Lakini sikilizeni habari ya Pemba. Katika kisiwa hicho ulifanywa uchunguzi mkubwa wa watoto wapatao 24,000, wa mwezi 1 hadi miezi 35, nao majibu yake yalitangazwa mwaka 2006. Wengine walipewa chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, na wengine hawakupewa. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi sana kisiwani. Katika mwaka 2003 ilionekana kwamba waliopewa chuma walizidi kulazwa hospitalini na kupatwa na mambo ya hatari kuliko wenzao, na utoaji wa chuma ukasimamishwa. Walakini katika kundi dogo ambalo damu yao ilipimwa tangu mwanzo, watoto waliopungukiwa kweli na chuma na damu, walipopewa chuma walinufaika. Kundi hilo pia lilitazamwa na kutibiwa malaria vizuri zaidi.

Mafunzo ya Pemba ni makubwa. Chuma ni dawa kwa aliyepungukiwa nayo, lakini penye malaria nyingi, kumpa mtoto chuma bila kumkinga na malaria, bila kumpima na kumtibu, kwaweza kumdhuru. Ndiyo sababu sasa yaagizwa kwamba katika nchi za malaria mambo hayo yaende pamoja. Basi mtoto wetu wa Tanga apimwe malaria kwanza, na usiku alale ndani ya chandarua chenye dawa.

Tena si kila chembe ndogo ni upungufu wa chuma. Katika pwani ya Kenya na mahali pengine penye malaria tangu kale, watu wengi hurithi hali iitwayo talasemia ya namna nyepesi. Chembe zao ni ndogo tangu kuzaliwa, nao wana afya yao; kwao dawa ya chuma haiwezi kuzikuza chembe hizo. Ili kutambua, hupimwa kitu kiitwacho feritini, ambacho ni kama hesabu ya ghala ya chuma. Kwa mtoto mzima wa afya, feritini chini ya 12 yaonyesha ghala tupu. Lakini mtoto akiwa na homa au uvimbe, feritini hupanda kwa uongo, na hapo hata iliyo chini ya 30 huhesabiwa kuwa upungufu.

Kuna na ugonjwa wa selimundu, ambao chembe zake hupinda kama mundu na kuvunjika upesi. Mwaka 1954 daktari A. C. Allison, aliyekulia Kenya, alieleza kwamba mtu aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga juu ya malaria. Ndiyo sababu imeenea sana katika nchi zetu. Lakini aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Mtoto mdogo akivimba mikono na miguu kwa maumivu, au macho yakiwa ya manjano, au akipungukiwa damu mara kwa mara, yafaa apimwe selimundu. Huyo asipewe dawa ya chuma kwa kukisia, maana upungufu wake kwa kawaida si wa chuma.

Nayo safura, yaani minyoo ya matumboni inayonyonya damu, huingia kwa kupenya ngozi ya mguu mtupu unaokanyaga udongo wenye kinyesi. Mtoto akianza kutembea ndipo hatari huanza. Choo safi na viatu humlinda, na baada ya mwaka mmoja aweza kupewa dawa ya minyoo kwa kipimo cha umri wake.

Ikiwa daktari amehakikisha kwamba ni upungufu wa chuma, dawa itapimwa kwa uzito wa mtoto. Mpeni kama mlivyoagizwa, pamoja na maji ya chungwa au limau, wala si pamoja na maziwa wala chai. Choo chake kitakuwa cheusi, msiogope. Baada ya wiki 4 apimwe tena. Mara nyingi hemoglobini huwa imepanda kwa gramu 1 hivi. Hapo wengi huacha dawa, kwa kuwa mtoto amechangamka. Msiache! Damu imejaa lakini ghala ingali tupu. Kwa kawaida dawa huendelea kwa miezi 3 hivi, kama daktari atakavyosema. Na ikiwa hesabu haikupanda, ulizeni: Je, dawa ilinywewa kila siku? Je, kipimo kilitosha? Je, ana malaria au minyoo? Au ugonjwa ni mwingine?

Twawaonya kwa nguvu: dawa ya chuma ifungiwe mahali asipofika mtoto. Vidonge vichache vya mama yake mjamzito vyaweza kumwua mtoto mdogo. Akivimeza, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama aonekana mzima.

Katika chakula, tangu miezi 6 mtoto apewe maini au nyama iliyopondwa, samaki, dagaa waliosagwa, maharage, kunde, choroko, mchicha na matembele. Chuma ya nyama na samaki huingia mwilini kwa wepesi kuliko ya mboga. Lakini mboga na kunde zikiliwa pamoja na pera, chungwa au embe, chuma yake huingia vizuri zaidi. Unga wa kimea ni bora kuliko unga mtupu. Maziwa ya ng'ombe, baada ya mwaka mmoja, yasizidi vikombe viwili kwa siku. Chai asipewe.

Mwisho, kuna dalili ambazo hazingoji karatasi wala siku ya kliniki. Mtoto akiwa na viganja vyeupe kabisa, akihema kwa taabu, akishindwa kunyonya au kunywa, akiwa amelegea au hazinduki, akipatwa na degedege, au mkojo wake ukiwa mweusi kama kahawa, achukuliwe hospitali mara moja, usiku au mchana. Huenda akahitaji kuongezewa damu, na saa moja yaweza kuwa kubwa.

Lakini kwa mtoto ambaye karatasi yake yaonyesha upungufu tu, naye acheza, wakati upo wa kuuliza vema. Itunzeni karatasi pamoja na kadi yake ya kliniki, maana hesabu ya leo ikilinganishwa na ya mwezi ujao husema zaidi kuliko hesabu moja. Na mbele ya daktari, msione haya kuuliza maneno matatu: Damu ya mtoto wangu imepungua kiasi gani kwa umri wake? Sababu yake ni ipi, nanyi mmeijuaje? Nimrudishe lini apimwe tena? Mzazi aliyepata majibu ya maswali hayo ameifahamu karatasi yake, hata kama herufi zake ni za kigeni.